Mwanangu Anataka Kusomea Usimamizi wa Miradi: Je, Hiyo ni Kazi?



Mama mmoja wa Chamazi, Wilaya ya Temeke, alitufikia hivi karibuni akiwa na swali ambalo hatukulitegemea katika ukurasa huu wa afya. Binti yake amemaliza kidato cha sita. Yeye na mumewe walikuwa na matumaini kwamba mtoto atasomea uuguzi. Binti anasema hapana, anataka kuwa afisa wa usimamizi wa miradi.

"Nesi namjua, mwalimu namjua," mama alituambia. "Huyu afisa miradi anafanya nini? Anamponya nani? Na baba yake anataka kuuza nusu ya kiwanja ili ipatikane ada."

Tumeona swali hili lijibiwe hapa hapa. Kwanza, kiwanja kikishauzwa hakirudi, na familia nyingi za parokia zetu zinakabiliwa na uamuzi kama huo. Pili, baada ya miaka mingi ya kuandika juu ya kuhara, malaria na lishe, tumejifunza kuwa magonjwa mengi hurudi majumbani kwa sababu mradi uliokuwa uyazuie haukusimamiwa. Tuanze na kisa kimoja.

KISIMA KILICHONYAMAZA

Miaka michache iliyopita tulitembelea mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji. Hatutautaja jina, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Wakazi walikuwa wamepata kisima kirefu chenye pampu ya umeme, tanki kubwa na vituo vitatu vya kuchotea maji. Siku ya kuzindua palikuwa na ngoma, hotuba na pilau.

Tuliporudi baada ya mwaka na nusu, pampu ilikuwa imezimika. Fundi alisema kifaa cha kuiendesha kimeungua. Hakuna aliyejua pampu ilinunuliwa duka gani, wala kama muda wa dhamana ulikuwa umekwisha. Karatasi zote zilikuwa kwa mtu aliyekwisha kuhamia mkoa mwingine. Fedha za maji zilikuwa zikikusanywa kila siku, ila hapakuwa na daftari la kuonyesha zimefika ngapi na zimekwenda wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Akina mama walikuwa wamerudi kununua madumu kwa wauza maji wa mikokoteni. Waliokosa fedha walichota kwenye visima vifupi vilivyo karibu na vyoo. Katika zahanati ya jirani tuliambiwa kuwa watoto wenye kuharisha wameanza tena kuletwa kwa wingi.

Chini ya ardhi maji yalikuwapo tele, na mafundi walikuwa wamechimba vizuri. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza, tangu siku ya kwanza: "Pampu hii ikiharibika, nani atailipia, na atampigia simu nani?" Kuuliza swali hilo kabla ya ngoma kupigwa ndiyo kazi ya afisa wa usimamizi wa miradi.

MRADI NI NINI, NA AFISA WAKE ANAFANYA NINI?

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye lengo linalopimika, na yenye fedha na watu waliopangiwa. Kujenga zahanati ni mradi. Kutibu wagonjwa kila siku katika zahanati hiyo ni huduma, nayo haina mwisho. Tatizo letu mara nyingi liko katika daraja la kuvukia kutoka mradi kwenda huduma. Jengo hukamilika, lakini hakuna aliyepanga mshahara wa muuguzi, umeme wa jokofu wala ufunguo utakaa kwa nani.

Afisa miradi hupitia hatua tano. Huzitaja kwa majina mbalimbali, lakini kiini chake ni hiki:

(1) Kuanzisha. Hukaa na wahusika wakakubaliana tatizo ni lipi. Watu wanaweza kuomba zahanati kumbe kinachowaua watoto wao ni maji. Wanaweza pia kuomba kisima kumbe maji ya eneo hilo yana chumvi. Lazima kupima kwanza.

(2) Kupanga. Huandika kazi zote, nani atafanya ipi, kwa siku ngapi na kwa gharama gani. Huandika pia mambo yanayoweza kwenda kombo: bei ya saruji kupanda, masika kuwahi, fundi kuugua.

(3) Kutekeleza. Husimamia manunuzi, mafundi, malipo na vikao. Hapa ndipo viatu vyake huingia tope.

(4) Kufuatilia. Kila wiki hulinganisha kilichopangwa na kilichofanyika. Fedha zimetumika nusu na kazi imefika robo tu? Ni lazima aseme mapema, hata kama wakubwa hawatapenda kusikia.

(5) Kufunga na kukabidhi. Huwakabidhi wenye mradi karatasi zote, dhamana, orodha ya vipuri, na watu waliofundishwa kuutunza.

Chombo chake maarufu ni jedwali la kazi na majuma, ambapo kila kazi huchorewa mstari kuonyesha itaanza lini na kumalizika lini. Jedwali hilo huitwa kwa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyelieneza mwanzoni mwa karne ya 20. Leo huchorwa kwa kompyuta, lakini ukurasa wa daftari na rula vinatosha kujifunzia.

Fikiria pia chanjo. Chanjo nyingi zinazotolewa kliniki lazima zihifadhiwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu bohari hadi kwenye mkono wa mtoto. Muuguzi huchoma sindano kwa dakika moja. Nyuma ya dakika hiyo kuna mtu aliyehesabu watoto, akapanga magari, akahakikisha masanduku ya baridi yapo na barafu imeganda. Akikosea, muuguzi atachoma dawa iliyoharibika bila kujua. Hilo ndilo jibu letu la kwanza kwa mama aliyeuliza, "Anamponya nani?"

MFANO ULIO HAPA HAPA CHAMAZI

Wakazi wa Chamazi hawana haja ya kwenda mbali kujifunza. Karibu na mwaka 2008, upanuzi wa shughuli za bandari uliwaondoa watu wengi katika kata ya Kurasini. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji wengi waliondoka mikono mitupu.

Baadhi yao walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la wakazi maskini wa mijini, wakisaidiwa na asasi iitwayo Centre for Community Initiatives, yaani CCI. Walichangishana, wakanunua ekari 30 za ardhi huku Chamazi, na wakaunda ushirika wa nyumba uitwao Muungano.

Tazama jinsi walivyokwenda hatua kwa hatua. Walianza na akiba na orodha ya wanachama kabla ya matofali. Walizungumza na wakuu wa mipango miji ili viwanja viwe vidogo kuliko ilivyozoeleka, watu wengi zaidi wapate nafasi. Walijifunza kufyatua matofali wenyewe pale pale, akina mama wakiwamo, ili kupunguza gharama. Nyumba hazikujengwa zote kwa mara moja. Zilijengwa kwa awamu, kadiri fedha zilivyopatikana na mikopo ilivyorejeshwa. Maji ya kisima na namna ya kusafisha maji machafu viliwekwa ndani ya mpango, havikuachwa viwe habari ya baadaye.

Anayefahamu afya ataona uzito wa jambo hilo la mwisho. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikaanzia Kinondoni na kuenea sehemu nyingine za jiji na za nchi. Ugonjwa huo husafiri kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Mtaa unaojengwa nyumba kwanza na kufikiria vyoo baadaye huandaa njia yake.

Safari ya ushirika huo ilikuwa ndefu, wala haikukosa matatizo. Mtu mwenye kipato kidogo akikosa vibarua mwezi mmoja, rejesho lake linachelewa na nyumba ya mwenzake inangoja. Kusimamia mradi wa namna hiyo kunahitaji hesabu, na kunahitaji moyo wa kukaa na watu wakati wamekasirika. Vyote viwili hufundishika.

NJIA ZA KUSOMEA KAZI HII

Sasa tuje kwenye ada na kiwanja. Zipo njia tatu kuu, na hakuna iliyo ya aibu.

Njia ya kwanza ni ya aliyemaliza kidato cha nne. Akiwa amefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, anaweza kuomba cheti cha awali, kisha akapanda hadi stashahada katika fani kama maendeleo ya jamii, mipango au usimamizi wa miradi. Akifanya vizuri, huendelea na shahada. Vyuo vya ngazi hizi viko chini ya baraza liitwalo NACTVET.

Njia ya pili ni ya aliyemaliza kidato cha sita akiwa na ufaulu wa kuingia chuo kikuu. Shahada kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilichopo Dodoma, chenye tawi Mwanza, kimefundisha wapangaji wa maendeleo tangu miaka ya 1980. Chuo Kikuu Mzumbe, Morogoro, kinafundisha uchumi pamoja na upangaji na usimamizi wa miradi. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha, huandaa wataalamu wa kufanya kazi na wananchi. Wanafunzi wa shahada wanaweza kuomba mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Baba asiuze kiwanja kabla ya kuomba mkopo huo na kupata jibu.

Njia ya tatu hufahamika kidogo, nayo huenda ndiyo iliyo bora kwa familia hii. Mtu husomea kwanza taaluma nyingine, kama uuguzi, maabara, afya ya mazingira, uhasibu au ujenzi. Hufanya kazi miaka kadhaa, kisha huongeza masomo ya miradi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao yake Kinondoni, hufundisha usimamizi wa miradi kwa watu walio kazini tayari. Muuguzi anayejua kupanga mradi wa afya ya mama na mtoto ni lulu. Anafahamu kazi yenyewe, hivyo mkandarasi au mfadhili hawezi kumdanganya kirahisi.

Hivyo basi, si lazima mama na binti wagombane. Huenda kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Kabla ya kulipa hata shilingi, mzazi ahakikishe chuo kimesajiliwa. Vyuo vikuu huorodheshwa na TCU, na vyuo vya kati na NACTVET. Miongozo yao hutolewa kila mwaka na husomwa bila malipo.

VIPI VYETI VYA KIMATAIFA?

Vijana wengi husikia habari za vyeti vya nje na kudhani ndio ufunguo wa kila mlango. Taasisi ya Marekani iitwayo Project Management Institute, iliyoanzishwa mwaka 1969, hutoa cheti kiitwacho PMP. Hicho si cha anayeanza. Hutolewa kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka kadhaa wa kuongoza miradi, baada ya kufaulu mtihani. Taasisi hiyo hutoa pia cheti cha CAPM kwa wanaoanza, ambacho huhitaji elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo kabla ya mtihani. Uingereza nako kuna PRINCE2, kilichoanza mwaka 1996.

Vyeti hivi vinaheshimiwa, lakini ada yake hulipwa kwa fedha za kigeni na si ndogo. Ushauri wetu ni kwamba kijana asianze navyo. Apate kwanza elimu ya msingi na uzoefu. Akishaajiriwa, mara nyingine mwajiri mwenyewe humlipia.

JARIBIO LA NYUMBANI

Je, utajuaje kama mwanao anaifaa kazi hii? Mpe mradi. Tunapendekeza tanki la maji ya mvua, kwa kuwa faida yake itabaki nyumbani hata kama kijana atabadili mawazo.

Mwambie aanze na hesabu. Kila milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 2,000. Tuondoe sehemu moja ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka. Zinabaki lita 1,600. Kwa ndoo za lita 20, ni ndoo 80. Mama anayenunua maji ataelewa hesabu hiyo upesi kuliko mtu yeyote.

Kisha aandike haya katika daftari moja:

(a) Lengo: maji kiasi gani, kwa watu wangapi, kuanzia lini. Mvua za vuli huanza kama Oktoba, hivyo tanki liwe tayari Septemba.

(b) Bajeti: tanki, mifereji ya bati, mabomba, fundi, usafiri kutoka Mbagala Rangi Tatu. Aulize bei katika maduka matatu na aandike zote tatu. Aongeze sehemu moja ya kumi kwa dharura.

(c) Ratiba: kazi gani, wiki ya ngapi, nani mhusika.

(d) Hatari: nini kinaweza kuharibika, na tutafanya nini.

(e) Utunzaji: nani atasafisha mifereji, na mara ngapi.

Katika kipengele cha hatari kuna jambo la afya lisilosahaulika. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019. Mbu anayeieneza huuma mchana na hupenda kuzaliana katika maji safi yaliyotuama, kama ya tanki lisilo na kifuniko. Weka kifuniko imara na wavu kwenye kila tundu. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike, kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kijana asiyeandika mambo haya katika mpango wake ameleta maji na mbu kwa pamoja.

Mwisho wa miezi mitatu, kaeni kama familia. Je, daftari lina stakabadhi zote? Fedha zinalingana? Fundi alipochelewa, kijana alinuna au alimfuata? Alipokosea hesabu, alisema au alificha? Majibu hayo yatawaonyesha mengi kuliko matokeo ya mtihani.

Hatua ya pili ni kujitolea nje ya nyumba. Vikundi vya kuweka na kukopa, kamati ya ujenzi ya parokia, kamati ya maji, ofisi ya serikali ya mtaa: vyote vina uhaba wa mtu wa kuandika muhtasari wa vikao na kutunza orodha ya mali. Ajifunze pia kompyuta, hasa majedwali ya hesabu. Aliyekwisha kutunza daftari la kikundi mwaka mzima ana la kusema mbele ya mwajiri.

MAMBO MAGUMU YA KAZI HII

Hatutaki kuwapaka wazazi mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi hii ina machungu yake.

Kwanza, ajira nyingi ni za mkataba wa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Mradi ukiisha, mshahara huisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na watumishi wa miradi ya afya katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, walijikuta hawana kazi kwa muda mfupi sana. Walikuwamo watu wenye shahada, ujuzi na watoto shuleni. Kwa hiyo kijana asitazame miradi ya wafadhili peke yake. Halmashauri, mamlaka za maji, wakala wa barabara, makampuni ya ujenzi, mabenki na viwanda vyote vina miradi. Akiajiriwa, ahakikishe mwajiri anapeleka michango yake NSSF, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na ajiwekee akiba ya miezi kadhaa tangu mshahara wa kwanza.

Pili, ni kazi ya vishawishi. Siku moja ataletewa karatasi ya mahudhurio yenye majina ya watu ambao hawakufika, aisaini ili posho igawanywe. Siku nyingine mwuza saruji atamwambia aandike mifuko 100 wakati imeletwa 80. Mifuko 20 iliyokosekana ni ukuta wa choo utakaobomoka watoto wakiwa ndani. Wazazi wamwandae mtoto kwa siku hiyo wangali naye nyumbani, kwa kuanza na chenji ya dukani.

Tatu, ni kazi inayochosha mwili. Wakati wa ripoti watu hukesha, hula ovyo, hukaa kwenye kiti saa nyingi, hunywa vinywaji vya kuongeza nguvu badala ya kulala. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, na hugundulika tu kwa kupimwa. Tunawashauri walio katika kazi hii wapime angalau mara moja kwa mwaka, walale saa saba au nane, watembee kila siku, na wasione aibu kusema "kazi hii hainitoshi muda" kabla mambo hayajaharibika. Anayekosa usingizi hukosea hesabu, na hesabu yake ikikosewa wanaoumia ni wengi.

Nne, wapo matapeli. Tangazo la kazi linalodai fedha za fomu, za usaili au za "kushughulikia" lisiaminiwe. Nafasi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kuomba hakulipiwi.

TULIVYOMJIBU MAMA

Tulimweleza mama yule kwamba hii ni kazi ya kweli, na kwamba mitaa yetu inaihitaji. Tulimshauri kiwanja kibaki. Binti aombe chuo na mkopo kwa wakati mmoja, aandike katika fomu yake kozi ya miradi na kozi ya afya kama ufaulu wake unaruhusu, na wakati akingoja majibu afanye mradi wa tanki nyumbani.

Wiki tatu baadaye mama alirudi, akacheka. Binti alikuwa amekwisha kuuliza bei za matanki katika maduka matatu ya Mbagala. Duka alilokuwa analitaka baba, kwa kuwa mwenyewe ni rafiki yake, ndilo lililokuwa ghali kuliko yote. Baba alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema tanki linunuliwe duka la bei nafuu, ila yeye ndiye atakayeshika stakabadhi.

"Na binti akasemaje?" tukauliza.

"Akamwambia, sawa baba, lakini naomba nakala iingie kwenye daftari langu."

Kozi gani atasoma bado haijajulikana, maana majibu ya vyuo hayajatoka. Ila kwa dalili hizo, tulimwambia mama, binti yake ameshaanza kazi.